“Mbona Ina CE?”

“Fundi, hawa wananizuiliaje mzigo wakati mashine zote zina CE?” Aliyeniuliza ni mfanyabiashara wa Kariakoo, swichibodi zake kumi za ofisini (mashine za kugawa simu kwa wafanyakazi) zimekwama forodhani kwa kukosa kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini. Ni mara ya tatu mwezi huu nasikia swali hilo, na kila anayeuliza ana sauti ya mtu aliyedhulumiwa.

Basi tulimalize. CE ni tamko la mtengenezaji mwenyewe kwamba bidhaa yake inafuata sheria za soko la Ulaya. Kwa vifaa vingi hakuna mkaguzi wa nje aliyevigusa: kiwanda kinapima, kinaandika tamko, kinagonga alama. Tena kuna jambo ambalo hata mafundi wenzangu wengi hawalijui. Tangu Juni 2016, agizo jipya la Ulaya la vifaa vya redio haligusi kabisa simu na modemu zinazotumia waya peke yake. Hizo zimebaki kwenye sheria za usalama wa umeme na za mwingiliano wa mawimbi. Kwa hiyo CE iliyo kwenye swichibodi yako inadai kwamba haitakupiga shoti wala kuvuruga redio ya jirani. Itaelewana vipi na laini ya simu? Hapo CE imenyamaza.

FCC, alama ya tume ya mawasiliano ya Marekani, nayo ni hivyo hivyo. Watu wananionyesha namba ya FCC ID kwa fahari, kumbe hiyo ni ya upande wa redio. Kifaa cha kuunganishwa na laini za simu Marekani kinaangukia Sehemu ya 68 ya kanuni za FCC, na lebo yake ni nyingine: inaanza na US na nukta pacha, kisha msururu wa herufi na tarakimu. Katikati mna tarakimu mbili za REN, yaani mzigo ambao kifaa kinaitwisha laini kengele inapolia. 03 maana yake 0.3. Mteja atakayenionyesha lebo hiyo nitamnunulia chai na chapati mbili. Na bado haitakuwa kibali cha hapa, kwa sababu Tanzania anayeidhinisha ni TCRA, chini ya EPOCA, sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010.

“Lakini nimeichomeka na inapiga.” Inapiga, ndiyo. Subiri wiki. Swichibodi iliyopangwa kwa Marekani husubiri mlio wa bize wa hezi 480 na 620 kwa pamoja, ilhali mitandao ya nchi nyingi hutoa mlio mmoja wa 425. Mpigaji anakata, mashine haiutambui mlio, inaendelea kung’ang’ania laini, na ofisi nzima inalalamika kuwa njia zimejaa. Wanaolaumiwa ni kampuni ya simu. Kibaya zaidi, waya ule umezoea volti 48 hivi, na kengele ikilia hufika kama 90. Pawasaplai ya bei chee ikifa vibaya na kupitisha 230 za ukutani kwenye laini, anayepigwa ni fundi aliye juu ya nguzo, siyo wewe uliyebana pesa.

Mengine ni ya haraka. Risiti ya ushuru si kibali. TRA inakusanya kodi, haipimi milio. Modeli moja ikiidhinishwa haimbebi ndugu yake mwenye herufi B mwishoni, hasa kama bodi ya laini imebadilishwa. Na wanaoniambia “sisi tumehamia VoIP, simu za intaneti, hayo ya kizamani” waangalie nyuma ya kisanduku chao: tundu la FXO ni mlango wa laini ya simu, liwe limechomekwa au halijachomekwa.

Ushauri wangu mke wangu ameshaukariri: kabla ya kutuma fedha Guangzhou, China, omba ripoti za maabara, siyo picha ya lebo. Linganisha jina la modeli kwenye ripoti na lililo kwenye boksi, herufi kwa herufi. Ukiletewa ripoti ya modeli nyingine “inayofanana”, hama duka. Ripoti hizo ndizo utakazoambatisha kwenye ombi lako TCRA, kwa hiyo usizitafute mzigo ukiwa umeshatua.

Yule wa Kariakoo ameziomba juzi, huku gharama za kuhifadhi mzigo zikipanda kila siku. Kiwanda kimemjibu kwa picha nyingine ya alama ya CE, safari hii imepigwa kwa karibu.