Kaktasi za miiba myeupe: weupe ule ni wa nini?

Kaktasi ya miiba myeupe si mmea wa aina moja. Ni jina la jumla la kaktasi yoyote ambayo miiba au manyoya yake ni meupe, tena yamesongamana hata ukijani wa shina unapotea. Humo mna Mammillaria geminispina, yenye vichwa vya mviringo vilivyobanana. Mna Cephalocereus senilis, nguzo iliyofunikwa manyoya marefu. Mna na Espostoa lanata ya Peru na Ekwado. Mbili za kwanza ni za Meksiko. Mpungate tunaouona vichakani nao ni wa ukoo huohuo uliotoka Amerika.

Mwiba wa kaktasi ni jani lililogeuka. Usogeze mmea karibu na macho: kila fungu la miiba limechomoza kwenye doa dogo lenye sufi. Doa hilo ndilo linaloitenga kaktasi na mimea mingine ya miiba. Nalisisitiza kwa sababu kwa wauza miche wa barabarani hapa Malindi, mimea mingi inayouzwa kwa jina la kaktasi ni jamaa za mnyaa, ambazo utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho. Watu husema basi, ukiona utomvu mweupe ujue si kaktasi. Kipimo hicho hakitoshi, maana baadhi ya Mammillaria nazo hutoa utomvu mweupe. Tazama doa la sufi.

Weupe nao una kazi. Miiba hiyo hurudisha mwanga na kulitia shina kivuli, kama kanzu nyeupe mchana wa kaskazi. Kwa hiyo mmea uliozoea jua, ukiwekwa ndani ya chumba chenye giza, hurefuka na kupauka, na miiba mipya hutoka michache na dhaifu. Mpe jua la kutosha. Ila ukiutoa kivulini usiupeleke juani siku hiyohiyo. Uanze na jua la asubuhi, uongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu, la sivyo shina huungua na kovu halifutiki.

Huku kwetu pwani, jua silihofii sana. Ninachokihofia ni unyevu. Mimea hii imezoea nchi kavu, mvua ikinyesha ardhi hukauka upesi. Sisi tuna masika ya kuanzia Aprili, na hewa ya bahari hailegezi hata usiku. Mizizi ikikaa kwenye udongo mbichi huoza, na kuoza huanzia chini. Ukibonyeza shina likabonyea, mara nyingi umeshachelewa. Tumia chungu cha udongo chenye tundu, na mchanganyiko ambao nusu yake au zaidi ni mchanga mkavu mnene na kokoto. Kokoto za matumbawe hazina ubaya kwa hizi za Meksiko, kwa kuwa Cephalocereus senilis kwao humea kwenye miteremko ya mawe ya chokaa. Mchanga wa ufukweni ndio wa kuuepuka, una chumvi.

Maji mwagilia udongoni, usimwagie mmea kichwani. Maji mengi ya visima vya pwani ni mazito kwa chokaa, na tone likikaukia kwenye mwiba huacha doa la kijivu. Maji ya mvua ni bora. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha ngoja udongo ukauke hadi kati. Chomeka kijiti udongoni, kikitoka na udongo ulioganda wakati bado haujafika. Masika yakiingia, hamishia vyungu chini ya paa penye mwanga na upepo. Kama paa ni la makuti, viweke mbali na mchirizi, kwani maji yake hutoka na rangi ya kahawia na manyoya meupe yakishaiingiza hayatakati. Zenye miiba migumu unaweza kuzisuuza chumvi ya bahari kwa maji ya mvua asubuhi ya upepo. Zenye manyoya ziache kavu, zikilowa muda mrefu huota ukungu mweusi.

Kuna adui mmoja ambaye weupe wenyewe humficha: vidung'ata. Ni wadudu wadogo wenye unga mweupe kama pamba, na katikati ya miiba myeupe jicho huwapita. Mimi hutazama sisimizi kwanza. Wakipanda na kushuka kwenye chungu, wanafuata utamu ambao vidung'ata hutoa. Hapo chovya kijiti chenye pamba katika spiriti ya hospitali, upitishe taratibu kwenye mashina ya miiba na katika mikunjo, jioni jua likishapungua. Rudia baada ya wiki, kwa sababu mayai hubaki. Ukibadilisha chungu kagua mizizi pia, wako wanaoishi chini.

Wakati wa kuhamisha, funga mmea kwa gazeti lililokunjwa mara kadhaa na uushike hapo. Mwiba uliokwisha kukua ni mfu; ukivunjika hauoti mwingine mahali pale, na pengo hubaki mpaka shina lirefuke na kulipita.