Jeni ya HTT na ugonjwa wa Huntington: maswali na majibu

Nimesikia "ana jeni ya Huntington". Ndiyo jeni gani?

Hiyo jeni sote tunayo. Inaitwa HTT, iko kwenye kromosomu ya 4, na kila mtu ana nakala mbili: moja ya mama, moja ya baba. Kazi yake ni kuuelekeza mwili utengeneze protini iitwayo huntingtini. Anayeugua Huntington, ambao ni ugonjwa wa ubongo, hutofautiana na wengine kwa urefu wa kipande kimoja kidogo cha jeni hiyo, basi.

Urefu wa nini?

Karibu na mwanzo wa jeni kuna herufi tatu za DNA zinazojirudia: CAG, CAG, CAG, kama kanda iliyokwama. Marudio 26 kushuka chini hayana neno. Kati ya 27 na 35 mwenyewe haugui, ila idadi inaweza kupanda anapomrithisha mtoto, hasa akiwa ni baba. Wenye 36 hadi 39, wapo wanaougua na wapo wanaozeeka salama. Kuanzia 40, ugonjwa utakuja, mtu akijaliwa umri.

Kila CAG huongeza kwenye protini glutamini moja, yaani tofali moja la kuijengea, na glutamini hizo hupangana kama mkia. Mkia ukizidi urefu, protini hukatikakatika, vipande vinagandana ndani ya seli za ubongo, na seli zinakufa taratibu. Zinazoumia zaidi ni zile za ndani kabisa ya ubongo zinazosaidia kuratibu miondoko.

Mama anaugua, na kaka yangu amepimwa akakutwa nao. Mimi nimenusurika?

Hapana. Hili linawapotosha wengi, eti "fungu la familia limeshachukuliwa". Kila mtoto hurushiwa shilingi yake: nusu kwa nusu, hata kama wakubwa zake wote wamepata au wote wamekosa. Na kama hukurithi nakala ndefu, huna cha kuwarithisha wanao.

Dalili huanzaje?

Mara nyingi kati ya miaka 30 na 50, kwa vitu vidogo. Vidole vinachezacheza mtu akiwa ameketi tu, bega linaruka bila kukusudia, kikombe kinamponyoka. Wengine hutangulia kubadilika tabia: hasira za ghafla, huzuni, kushindwa kupanga jambo alilolizoea. Baadaye mwendo unapepesuka, na wasiojua humwita mlevi.

Nikapime?

Tangu jeni hii ilipotambuliwa mwaka 1993, damu kidogo inatosha kuhesabu marudio. Lakini pata ushauri nasaha kwanza. Majibu hayakwambii utaanza kuugua mwaka gani, na ukishayajua huwezi kuyasahau. Kukataa kupima ni haki yako. Wengi wamechagua hivyo. Mtoto asiye na dalili hapimwi, asubiri akue aamue mwenyewe.

Dawa ipo?

Ya kuponya, bado. Tetrabenazini hupunguza miondoko isiyokusudiwa, ingawa inaweza kuzidisha huzuni, kwa hiyo daktari huifuatilia kwa karibu. Mazoezi ya viungo husaidia, na chakula cha kutosha pia, kwani wagonjwa hukonda sana.

Si wangeizima tu hiyo jeni?

Si rahisi hivyo. Huntingtini tunaihitaji: panya waliokosa jeni hii kabisa walikufa kabla ya kuzaliwa. Ndiyo maana watafiti wanajaribu kuipunguza badala ya kuifuta, na wengine wanatafuta namna ya kuigusa nakala ndefu peke yake. Ugumu ni kwamba nakala hizo mbili zinafanana karibu kila herufi.