Fedha safi yenye mafuta: ioshe kabla ya moto

Boraksi, ile dawa inayopakwa kipande kabla ya kulehemu, ikijikusanya matone matone juu ya kipande badala ya kutandaa, usiilaumu boraksi. Kipande kina mafuta: ya vidole, ya nta iliyopakwa waya ulipokuwa ukivutwa, au, mara nyingi zaidi, ya dawa ya kung'arishia, ambayo ni unga wa kusugulia uliokandwa kwa nta na mafuta mazito. Kwa macho fedha inang'aa tu. Ukiipeleka kwenye moto, mafuta yanaungua na kuacha masizi, na lehemu haishiki hapo.

Fedha ya 925 (sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha, zilizobaki kwa kawaida ni shaba) ikitoka motoni na doa, huenda ni shaba iliyomo imeungua. Ya 999, yaani fedha safi, haina shaba ya kuungua, kwa hiyo mimi doa hilo nalishuku kuwa ni uchafu kwanza.

Chukua maji lita 1 ya moto, nyuzi 70 hivi. Moto huo una sababu: nta ya dawa ya kung'arishia haiyeyuki kwenye maji vuguvugu, utaisambaza tu. Tia kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji ya vyombo, isiyo na losheni ya kulainisha mikono, maana losheni nayo ni mafuta. Kama kuna dawa iliyoganda kwenye nakshi, ongeza kijiko kimoja cha mezani cha amonia, madirisha yakiwa wazi. Amonia isikutane na klorini kamwe. Hutoa hewa ya sumu. Klorini yenyewe, hata peke yake, huitia fedha weusi.

Loweka dakika 10, kisha sugua kwa mswaki laini, hasa nyuma na kwenye pembe za nakshi. Usibonyeze: fedha safi ni laini, inachubuka upesi. Suuza kwa maji mengi.

Sasa kipimo. Shika kipande kwa kibano, kimwagie maji, kiinamishe. Maji yakitanda kama utando mmoja, kimetakata. Yakikatika na kuacha visiwa vikavu, rudia kuosha. Nta sugu ifute kwa asetoni, jiko na bana (vichomeo vya gesi) zote zikiwa zimezimwa, halafu urudi kwenye sabuni, kwa sababu asetoni ikikauka huacha utando wa yale iliyoyayeyusha.

Asidi haiondoi mafuta. Wala ile mbinu ya karatasi ya alumini na magadi. Hiyo ni ya weusi wa salfa, na palipo na mafuta weusi hutoka kwa mabaka.

Maji ya bomba yakiwa ya chumvi, suuza mara ya mwisho kwa maji ya betri (yale ya kuongezea, si asidi!). Kausha kwa kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila dawa ya kulainishia nguo, na kuanzia hapo kipande kishikwe kwa kibano tu mpaka kiingie motoni.