Sarafu Ipi Itoke Kwanza? Kuuza Dhahabu na Fedha Kidogo Kidogo Uzeeni

Wastaafu wengi wanaoleta sarafu mezani kwangu huanza na swali moja: "Bei itapanda tena, au niuze sasa?" Naelewa kwa nini wanauliza. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kupima, kuthamini na kununua sarafu za dhahabu na za madini ya fedha, naamini swali hilo halimsaidii sana mstaafu. Bei ya soko la dunia haimsikilizi mtu. Kilicho mikononi mwako ni sarafu ipi itoke kwanza, bei utakayopata inakaribia kiasi gani thamani ya madini yaliyomo, na kama unauza kwa mpango au kwa kubanwa na shida. Wastaafu wengi hupoteza pesa zao hapo, wala si kwa kukosea siku ya kuuza.

Chukua hesabu hii. Mtu ana sarafu 20 za dhahabu zinazofanana. Akiziuza kwa asilimia 15 chini ya thamani ya dhahabu iliyomo, ni sawa na kumpa mnunuzi sarafu 3 bure. Akimpata mnunuzi anayekata asilimia 3, hasara yake haifiki hata sarafu moja. Wote wawili wameuza siku ileile, kwa bei ileile ya soko.

Jambo la pili ni la kukubaliana nalo mapema. Sarafu haizai. Hailipi riba wala gawio. Unapoiuza ili kujazia pensheni, unakula mtaji, na chovya chovya humaliza buyu la asali. Sisemi usichovye. Nasema ujue buyu lina kiasi gani kabla ya kuanza. Mwenye sarafu 60 za wakia moja (kipimo cha dhahabu cha karibu gramu 31) anayetaka zimfae kwa miaka 20 ana sarafu 3 za kuuza kila mwaka. Mwaka ambao bei ni nzuri anaweza kuuza 4 na kuweka ziada benki. Mwaka mbaya akauza 1 na kuishi kwa ile ziada. Mpango wenyewe ni mwepesi hivyo. Ninaposema hivi wengine huona ni jambo dogo mno, lakini waliokaa nao miaka mingi hawaji kwangu wakitetemeka.

Akiba ya pesa taslimu ya angalau mwaka mmoja ndiyo inayoushikilia mpango huo, kwa sababu miaka mibaya ipo kweli, na inaweza kufuatana. Januari 1980 wakia ya dhahabu ilifika dola 850 za Marekani. Mwaka 1999 ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 250, na hapo sijagusa jinsi mfumuko wa bei ulivyokuwa umeila thamani ya dola yenyewe. Aliyestaafu mwaka 1980 akitegemea dhahabu peke yake aliishi karibu miongo miwili akiona sarafu zake kwa jumla zikizidi kununua vitu vichache, ingawa si kila mwaka. Madini ya fedha huyumba vibaya zaidi: Aprili 2011 wakia ilikaribia dola 50, na mwishoni mwa 2015 ilikuwa chini ya dola 14. Ndiyo maana siwashauri wastaafu kuzifanya sarafu kuwa nguzo kuu ya kuishi. Ziwe nyongeza, juu ya pensheni na akiba nyingine.

Sasa tuje kwenye kupanga, maana hapa ndipo ninapotumia muda mrefu na watu. Kabla ya kuuza hata moja, tandaza kitambaa mezani ugawe sarafu zako mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni sarafu za uzito, zile zinazouzwa kwa ajili ya madini yake: Krugerrand ya Afrika Kusini, iliyoanza kutolewa mwaka 1967, Maple Leaf ya Kanada ya tangu 1979, Eagle ya Marekani ya tangu 1986, Britannia ya Uingereza ya tangu 1987, Philharmonic ya Austria ya tangu 1989, na Sovereign za kawaida za Uingereza. Hizi zinajulikana karibu kila mahali penye soko la dhahabu, na mnunuzi hahitaji kufikiri mara mbili. Hizi ndizo za kuuza.

Fungu la pili ni sarafu za wakusanyaji, ambazo thamani yake imo katika uadimu, mwaka na hali yake. Hizi usimpelekee mtu anayenunua dhahabu ya kuyeyusha. Atakupa bei ya madini, na sarafu yenye historia ya karne mbili itaishia kwenye tanuri. Kwa hizi tafuta mnada au mfanyabiashara wa sarafu kongwe. Ikiwa sarafu inaonekana kuwa na thamani kubwa, kuna kampuni kama PCGS na NGC zinazochunguza na kuipa daraja, kutoka 1 hadi 70, kisha kuifunga ndani ya plastiki. Huduma hiyo ina ada, kwa hiyo usipeleke sarafu ya kawaida.

Fungu la tatu huniumiza moyo kila ninapolikuta. Ni zile sarafu za ukumbusho zilizotangazwa kwa mbwembwe, zenye sanduku zuri la mbao na cheti chenye muhuri. Nyingine ni dhahabu kweli, ila zilinunuliwa kwa bei ya juu sana kuliko madini yake na nyongeza hiyo haitarudi. Nyingine zimepakwa tu dhahabu juu ya shaba. Kupakwa huko hakuna thamani ya kuhesabu. Soma cheti polepole: kikisema "imepakwa" au kisipotaja kabisa uzito wa dhahabu safi, usiiweke kwenye mpango wako wa uzeeni.

Tafadhali usizisugue. Mzee mmoja aliniletea sarafu za zamani zikiwaka kama sahani mpya. Alikuwa amezing'arisha kwa dawa ya vyombo usiku uliotangulia, kwa heshima tu, ili asije na vitu vichafu. Chini ya kioo cha kukuza niliona michirizi myembamba juu ya shavu la mfalme, na kingo za maandishi zimelainika. Kwa sarafu ya uzito hasara yake ingekuwa ndogo. Kwa zile alizoleta, wakusanyaji hawakuzitaka tena. Rangi ya uzee juu ya sarafu si uchafu. Hata yale madoa meupe yanayotokea kwenye sarafu mpya za fedha, au wekundu kidogo juu ya dhahabu, yaache yalivyo. Madini hayajapungua.

Ukishapanga, jifunze hesabu moja. Wakia inayotumika kwenye dhahabu na fedha ni gramu 31.1035, si ile ya mizani ya jikoni yenye gramu 28.35. Chukua bei ya wakia, igawe kwa 31.1035, upate bei ya gramu moja ya dhahabu safi. Kisha zidisha kwa gramu za dhahabu safi zilizomo kwenye sarafu. Sovereign ina uzito wa gramu 7.99, na ndani yake dhahabu safi ni gramu 7.32. Tuseme wakia ni dola 3,000, namba ya mviringo kwa mfano tu: gramu inakuwa dola 96.45, na Sovereign ina dhahabu ya takriban dola 706. Ukienda kwa mnunuzi ukiwa na namba hiyo kwenye karatasi, mazungumzo yenu yanakuwa mengine kabisa.

Kwa nini nasisitiza gramu za dhahabu safi? Mama mmoja alinijia na karatasi ya makadirio aliyopewa kwingine, akaniambia, "Mwanangu, hebu nitazamie, naona kama hainikai." Alikuwa na Sovereign 12. Aliyemkadiria alianza vizuri na gramu 7.32, kisha akaandika: "karati 22, toa sehemu 2 za 24." Karati 22 maana yake sehemu 22 kati ya 24 ni dhahabu safi. Akabaki na gramu 6.71. Tatizo ni kwamba 7.32 tayari ni dhahabu safi. Ile shaba ilikwishatolewa katika hesabu, na sasa ilikuwa inatolewa mara ya pili. Kwenye sarafu moja unaona gramu 0.61, unapuuza. Kwenye sarafu 12 ni gramu 7.32: Sovereign nzima imepotea ndani ya mstari mmoja wa kalamu. Krugerrand na Eagle huangukia mtego huohuo. Ni za karati 22, zina uzito wa gramu 33.93, na dhahabu safi ndani yake ni wakia moja kamili. Mtu akikuambia "hii si safi, nitapunguza" huku amehesabu wakia moja tu, mwambie airudishe kwenye mizani aone uzito wote.

Mtego mwingine ni wa kipimo. Kuna mizani inayosoma kwa peniweti, kipimo cha zamani chenye gramu 1.555. Sovereign kwenye mizani hiyo inasoma 5.14. Mnunuzi akizidisha 5.14 kwa bei ya gramu, amekula zaidi ya theluthi ya mali yako bila kuinua sauti. Omba mizani ielekezwe upande wako, na uliza inasoma kwa kipimo gani. Mnunuzi mwaminifu hakasiriki kuulizwa. Mimi hufurahi.

Kupata bei, waulize wanunuzi watatu au zaidi ndani ya saa moja, kwa sababu bei hutembea siku nzima. Uliza waziwazi: "Leo Krugerrand mnainunua kwa asilimia ngapi ya bei ya soko?" Bei rejea ya dhahabu hupangwa London mara mbili kila siku ya kazi, saa 4:30 asubuhi na saa 9:00 alasiri kwa saa za huko, na ya fedha mara moja, saa sita mchana. Mwisho wa juma soko kubwa limefungwa, na wanunuzi wengi hujilinda kwa kukata zaidi. Nenda katikati ya wiki.

Beba zile tu unazouza siku hiyo. Zilizobaki asizione mtu, wala usitaje ziko ngapi. Usikubali mgeni aje nyumbani kuzitazama, hata awe mpole namna gani. Malipo yapitie benki, na sarafu zisilale kwa mnunuzi bila risiti inayotaja jina, idadi na uzito wake. Kama atataka kuzipima kwa sumaku au mashine, mwache apime mbele yako.

Dhahabu kwanza au fedha kwanza? Hutazama wakia ngapi za fedha zinanunua wakia moja ya dhahabu. Aprili 2011 zilikuwa kama 32. Machi 2020 zilizidi 110. Uwiano ukiwa chini, fedha ina bei nzuri ikilinganishwa na dhahabu, nami huwaambia watu watoe fedha. Ukiwa juu sana, waiache itulie. Lakini kwa mtu mzima kuna jambo ambalo chati haionyeshi: sarafu 500 za fedha za wakia moja zina uzito wa zaidi ya kilo 15. Kuna siku mkono hautaweza kuliinua sanduku hilo, na kulituma kwa posta yenye bima kuna gharama yake. Kwa hiyo mwenye fedha nyingi namshauri aanze kuipunguza akiwa bado na nguvu, hata kama uwiano si mzuri sana.

Sarafu ndogo, kama za sehemu ya kumi ya wakia, zinafaa kwa mahitaji madogo, lakini wakati wa kununua kila gramu yake ni ghali zaidi na nyongeza hiyo hairudi yote. Ukiwa nazo, zitumie kwa dharura. Kwa kawaida uza kubwa, mara moja au mbili kwa mwaka, uiweke pesa benki na kujilipa kidogo kila mwezi. Kila safari ya kuuza ina gharama zake.

Kodi sitaikalia sana, maana kila nchi ina yake, na tofauti ni kubwa. Uingereza haitozi kodi ya faida ya mtaji kwenye sarafu zake zilizo pesa halali, kama Britannia. Ujerumani, mtu binafsi aliyeishika dhahabu kwa zaidi ya mwaka mmoja hatozwi. Marekani huzihesabu sarafu hizi kama vitu vya mkusanyo, na faida ya muda mrefu inaweza kutozwa hadi asilimia 28. Muulize mtaalamu wa kodi wa kwako kabla ya kuuza, kwa sababu baada ya kuuza hatakuwa na mengi ya kukusaidia. Atataka kujua ulinunua lini na kwa kiasi gani, kwa hiyo risiti za zamani zitunze.

Karatasi hiyohiyo ya kumbukumbu ndiyo itakayomsaidia mwenzi wako au watoto. Nimepokea wajane wengi ambao waume zao walijinyima, hawakuuza hata sarafu moja, kisha wakaondoka bila kumwambia mtu zile ni nini. Aliyefika mlangoni wa kwanza ndiye aliyezichukua. Andika kwa mkono, kwa herufi zinazosomeka: jina la sarafu, idadi, gramu za dhahabu au fedha safi, tarehe na bei ya kununulia, fungu ilimo, na zile zisizopaswa kuyeyushwa kabisa. Chini yake weka majina na simu za wanunuzi wawili uliowahi kuuziana nao vizuri. Karatasi ikae mbali na sarafu zenyewe, na angalau mtu mmoja unayemwamini ajue ilipo.