Baba ana utumbo mpana mrefu: maswali ya dada wa Ngamiani

Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 68. Alipigwa picha ya tumbo hapa Tanga, akaambiwa utumbo wake mpana ni mrefu kuliko kawaida. Ni ugonjwa?

Marahaba. Hapana, ni maumbile. Utumbo mpana wa mtu mzima una kama mita 1.5, lakini hatulingani. Kinachozidi mara nyingi ni kipande cha mwisho chenye umbo la herufi S. Wengi huzeeka nacho bila kujua. Wengine husumbuliwa na choo kigumu.

Mbona basi tuliambiwa tumwangalie sana?

Kwa sababu kipande hicho huweza kujisokota. Chukua mpira wa ndani wa baiskeli uliojaa upepo, ukunje, shika mikunjo yote miwili kwa mkono mmoja, kisha uisokote. Upepo umenaswa. Kwenye eksirei utumbo uliojisokota huonekana hivyohivyo, na mishipa yake ya damu hubanwa. Ukicheleweshwa, unaoza. Tumbo la baba likivimba na kukaza kama ngoma, likauma, choo kisitoke wala upepo, msingoje mpaka atapike. Kutapika huweza kuchelewa.

Tukimpa sanamaki kwanza, ile dawa ya kufungua choo?

Msimpe, nakuomba sana. Sanamaki huulazimisha utumbo kusukuma mahali palipofungwa. Msimpe chakula wala msimpige bomba nyumbani. Mpelekeni hospitali ya Bombo usiku huohuo. Akiwahi, kabla utumbo haujaharibika, daktari anaweza kupitisha mpira njia ya haja kubwa, upepo ukatoka na tumbo likanywea palepale. Msifurahi mkakimbilia nyumbani, maana hujirudia sana. Ndiyo maana mara nyingi hushauriwa upasuaji wa kukiondoa kipande hicho.

Na mdogo wangu? Alikuwa na kidole tumbo, lakini alilalamika kiuno.

Hutokea. Kidole tumbo huanzia chini kulia, ila ncha yake huelekea popote. Kikijificha nyuma ya utumbo, maumivu huenda kiunoni. Kikining'inia kwenye nyonga, hukera kibofu, mtu akatibiwa mkojo siku nzima.

Karatasi ya majibu ya picha ya baba tuiweke?

Iwekeni pamoja na kadi yake ya bima, na kila daktari atakayemshika tumbo aione kwanza.