Umefunga akaunti, au nenosiri tu? Yanayoaminiwa vibaya kuhusu watumiaji wa seva

Iwe ni sacco ya Jinja, shule ya Arua au mchapaji wa Nasser Road jijini Kampala, penye seva ya Linux pana mtu mmoja anayeulizwa kila kitu. Mara nyingi kazi yenyewe ameirithi, pamoja na daftari la amri alilomwachia aliyemtangulia. Amri zilizomo huwa sahihi. Maelezo yanayoandamana nazo ndiyo yenye walakini.

“Aliyeacha kazi nimemfungia nenosiri, haingii tena.”

Naanza na hii kwa sababu ndiyo yenye madhara makubwa. `usermod -L mhasibu` huweka alama ya mshangao mbele ya nenosiri lililofumbwa (lililogeuzwa lisisomeke) ndani ya `/etc/shadow`, faili linalotunza manenosiri, basi. Nenosiri halitakubaliwa tena. Lakini kama mhasibu alishaweka ufunguo wake wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali) kwenye `~/.ssh/authorized_keys`, Ubuntu na Debian, aina mbili za Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida zitampokea bila kumuuliza nenosiri, hata akiwa kwa mwajiri mpya huko Mbarara.

Kinachofunga akaunti yenyewe ni tarehe ya mwisho: `usermod -L -e 1 mhasibu`. Kisha tazama kwa `chage -l mhasibu`. Utaona akaunti imeisha muda tarehe 2 Januari 1970, yaani zamani mno kwa yeyote kuingia. Hata hapo, kama bado yumo ndani wakati unaandika amri, hatolewi. Mtoe mwenyewe: `pkill -KILL -u mhasibu`. Kwa sacco yenye taarifa za wanachama hili si suala la ufundi peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya Uganda, ya mwaka 2019, inamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde, na “tulifunga nenosiri” ni utetezi mwembamba sana.

“`-G` humwongeza mtu kwenye kikundi.”

Sivyo. `usermod -G uchapaji fundi` inamaanisha: vikundi vya ziada vya fundi, kuanzia sasa, ni uchapaji peke yake. Vingine vyote vinafutwa, na `sudo`, kikundi kinachotoa mamlaka ya usimamizi, kikiwemo. Ukijifanyia hivyo mwenyewe kwenye Ubuntu, ambako root, yaani akaunti kuu ya msimamizi, kwa kawaida haina nenosiri, na hakuna msimamizi mwingine, umejifungia nje: itabidi ukae mbele ya mashine yenyewe na kuiwasha kwa hali ya uokoaji. Seva ikiwa Kampala nawe uko Gulu, kata tiketi ya basi.

Ongeza `a`: `usermod -aG uchapaji fundi`. Au tumia `gpasswd -a fundi uchapaji`, ambayo mimi naipenda zaidi kwa kuwa ukisahau herufi haifuti kitu. Andika `id fundi` kabla na baada, uone vikundi vyake.

“Nimemwongeza, bado anakataliwa, basi amri haikufanya kazi.”

Imefanya. Vikundi husomwa mtu anapoingia, kwa hiyo atoke aingie upya. Wasio na subira hapa ndipo hukimbilia `chmod 777`, inayompa kila mtu ruhusa zote, na folda ya mishahara ikawa wazi kwa kila mwenye akaunti.

“`userdel` husafisha kila kitu.”

Bila `-r`, hata folda yake ya nyumbani inabaki. Na faili zake zilizotawanyika kwingine hubaki hata ukiweka `-r`. Ukiorodhesha faili kwa `ls -l` utaona pale pa jina la mwenye faili pameandikwa namba tu, tuseme 1004. Seva haimjui mtu kwa jina, inajua namba. Mfanyakazi mpya akisajiliwa kwa `useradd`, hupewa namba inayofuata ile kubwa kuliko zote, na kama aliyefutwa ndiye alikuwa wa mwisho, mgeni atapewa 1004 hiyo hiyo. Siku yake ya kwanza kazini tayari anamiliki faili za mtangulizi wake. Kwa hiyo tafuta kwanza kwa `find / -uid 1004`, uzihamishe kwa mwenyewe mpya kwa `chown`, ndipo ufute.

“`usermod -p` ndiyo njia ya mkato ya kubadili nenosiri.”

Amri hiyo inataka nenosiri ambalo tayari limefumbwa. Ukiandika la kawaida, linaingizwa kama lilivyo na mtu hataweza kuingia nalo. Tena linabaki kwenye historia ya terminali yako. Tumia `passwd mhasibu`.