Njano sio kitambulisho, soma shavu

Wiki hii tena nimetumiwa picha ya samaki wa Ziwa Tanganyika, wale wadogo wenye mkia wa ncha mbili ndefu kama nyuzi, na chini yake: "kaka huyu ana njano, ni pulcher eeh?" Jamani, hii njano itanimaliza.

Pulcher na brichardi ni samaki wawili wa ziwa hilo wanaofanana sana, na njano peke yake haikwambii ni yupi. Rangi ya hawa samaki inapanda na kushuka kwa chakula, kwa taa, kwa mchanga uliomwaga chini ya tangi, kwa hofu, na hata kwa sehemu ya ziwa wazazi wao walikovuliwa. Yule anayeuzwa kwa jina la dafodili ni pulcher kweli, na ana njano nzuri, lakini wapo pulcher wengi tu ambao ukiwatazama njano huioni ya maana, alafu brichardi naye ana doa lake la njano nyuma ya jicho, sasa hapo utamtenganisha vipi?

Soma shavu, yaani kifuniko cha matamvua. Brichardi ana mstari mweusi wa mlalo unaotoka kwenye jicho, unakutana na mwingine wa wima, wanafanya kama herufi T imelala. Pulcher yeye ana mistari miwili ya wima iliyopinda, kama miezi miwili michanga imefuatana. Picha iwe ya ubavuni, na samaki awe ametulia, coz aliyetoka kwenye mfuko wa safari leo asubuhi alama zake zinafifia na utamsoma vibaya. Dume na jike usijisumbue, kwa macho wanafanana.

Sasa na mimi niseme ukweli wangu: hata shavu lina mipaka. Mwaka 1952 wanasayansi Trewavas na Poll waliwaandika wote wawili kama aina ndogo za samaki mwingine wa Tanganyika, savoryi, jina brichardi likaja 1974, la kumheshimu Pierre Brichard aliyekuwa anasafirisha samaki kutoka Burundi. Baadaye watu wakapima vinasaba wakakuta alama za shavuni haziendi sawa na ukoo, yani samaki wa T wa sehemu moja anaweza kuwa ndugu wa karibu zaidi wa jirani yake mwenye miezi kuliko wa T mwenzake wa mbali. Wapo wanaosema ni spishi moja tu. Mi nawaelewa, ila bado nataka nijue alikovuliwa, coz ukiwachanganya kwenye tangi wanazaana bila shida, vifaranga wakubwa wanabaki kulea wadogo zao, na baada ya vizazi viwili vitatu una ukoo mzima ambao hakuna wa kuusoma.

Hapa kwangu lipo kundi moja, wengine T, wengine miezi, wengine katikati. Nilipewa bila kuambiwa walikotoka. Tangi lao nimeandika "brichardi/pulcher", na siwauzi.